Mpangaji Mwema Huletwa na Aliyehama

Miongoni mwa barua tulizopokea msimu huu imo ya mama mmoja wa Mombasa, mjane mwenye watoto watatu. Marehemu mumewe alifanya kazi Eldoret kwa miaka mingi, akaacha ploti ya vyumba vinane huko Sugoi. Mama asema vyumba vinne vimekaa vitupu kwa miezi mitano, na ada za shule za watoto zilikuwa zikilipwa kwa kodi ya vyumba hivyo hivyo. Mwangalizi wa nyumba amemshauri apake rangi upya, apige picha na atangaze katika Facebook, na kazi yote hiyo ameikadiria shilingi 40,000. Mama auliza mambo mawili. Je, akope fedha hizo ili aitangaze nyumba yake? Na je, yafaa aandike katika tangazo kwamba anataka wapangaji Waislamu peke yao?

Kabla ya rangi na picha, kuna neno moja katika barua hiyo ambalo hatuwezi kulipita. Mama ameandika "nyumba yangu", ilhali mirathi haijagawanywa. Marehemu hakuacha wazazi, kwa hivyo fungu la mke mwenye watoto ni thumuni moja, na saba zilizosalia ni za watoto. Katika kila shilingi 40,000 zitakazotoka kwenye ploti ile, 35,000 ni mali ya mayatima. Hatulisemi hili kumtia mama hofu, kwani yeye ndiye anayewalea na ndiye anayehangaika. Twalisema ili ijulikane kwamba swali la kutangaza nyumba si dogo. Mlezi wa yatima hana ruhusa ya kucheza bahati nasibu na mali ya yatima, na kukopa fedha za rangi bila ya kujua kwanza kwa nini wapangaji wameondoka ni bahati nasibu.

Ilisadifu kwamba tulikuwa na safari ya Eldoret kwa ajili ya nikahi ya jamaa. Tukamwomba mama ruhusa tuifike ploti yenyewe.

Wasomaji wengi wamelisikia jina la Sugoi kwa kuwa ndiko nyumbani kwa Rais William Ruto. Ni kijiji cha kaunti ya Uasin Gishu, katika eneo bunge la Turbo, na ardhi yake ni ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Eldoret yenyewe ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, ikawa ya tano baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Iko juu sana, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na sisi watu wa pwani twaijua kwanza kwa baridi yake. Kuna hospitali kubwa ya rufaa ya Moi, kuna vyuo vikuu, na kuna majengo mengi ya kupangisha, mengine yakiwa yamejengwa na wanariadha kwa fedha walizozipata katika mbio za ng'ambo. Mtu akisikia habari hizo hudhani kwamba nyumba yoyote iliyo karibu na Eldoret itajipangisha yenyewe. Lakini mpangaji wa Sugoi si yule wa katikati ya jiji. Ni mwalimu aliyehamishiwa shule ya jirani, muuguzi wa zahanati, fundi wa ujenzi, kijana wa bodaboda, mfanyabiashara wa mahindi wakati wa mavuno, au mama anayeuza mboga barabarani. Watu hawa hawatafuti fahari. Watafuta mahali pakavu, penye maji, penye mwenye nyumba asiyewasumbua.

Tulipofika tuliona mambo manne, na kila moja lina faida kwa msomaji mwenye nyumba mbali na anapoishi.

La kwanza ni kibao cha langoni. Kimeandikwa kwa rangi nyekundu "Vyumba vya Kupangisha", na chini yake ipo namba ya simu. Tuliipiga namba ile tukiwa tumesimama pale pale langoni, na haikuita. Ni namba ya marehemu, iliyofungwa tangu alipozikwa. Miezi mitano yote kila aliyepita akahitaji chumba alikuwa akimpigia maiti, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kuirekebisha ni kazi ya brashi moja na mkebe mdogo wa rangi.

La pili lilituchekesha kidogo. Marehemu alikuwa mtoto wa Mji wa Kale, na alipojenga aliacha matundu makubwa ya hewa juu ya madirisha, kama tunavyojenga Mombasa ili kukaribisha upepo wa bahari. Katika vyumba vinne vilivyo na watu, matundu yote yamezibwa kwa magunia. Na rasimu ya tangazo aliyoiandika mwangalizi ilisema: "vyumba vyenye upepo mzuri". Mwezi wa Julai, katika baridi ya Uasin Gishu, hakuna mtu anayelipa fedha ili apate upepo. Mwenye kutangaza nyumba husifu lile ambalo yeye analipenda, na mpangaji huuliza lile analolihitaji. Huku kwetu huuliza kama chumba kina joto. Huko huuliza kama kina baridi, kama njia ina matope, na kama bati linavuja.

La tatu ndilo hilo la bati. Chumba cha pembeni kinavuja juu ya mahali anapoweza kukaa mtu na kitanda chake. Mwangalizi alitaka kipakwe rangi ndani ili doa lisionekane. Wanafunzi wa madrasa wote waijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta chini ni mbichi na juu ni kavu, akamkemea muuzaji kwa kuificha ile iliyoloa. Doa la mvua lililofunikwa kwa rangi ni nafaka ile ile. Na katika ijara, mpangaji akikuta aibu iliyofichwa yenye kumzuia kunufaika na nyumba, ana hiari ya kuvunja mkataba. Hata tukiacha fikihi kando tukaangalia biashara tu, mpangaji huyo atahama mvua ya kwanza ikinyesha, na ataondoka na maneno.

Maneno hayo ndiyo yaliyotupeleka kwenye jambo la nne, ambalo ndilo lililovitia ukiwa vyumba vile. Tuliwauliza waliobaki: wenzenu walihamia wapi, na kwa nini? Wakatuelekeza kwa wawili, mwalimu wa kike na fundi wa kujenga, ambao wangali wanaishi karibu. Wote wawili walihama wakiwa hawana deni la kodi. Wote wawili walidai dipoziti yao, shilingi 3,000 kila mmoja, na mwangalizi akawajibu kwamba fedha hizo alikabidhiwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba amekufa. Yule mwalimu alitutolea simu yake akatuonyesha ujumbe wa M-Pesa wa siku aliyolipa. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba wenzake shuleni wakimwuliza juu ya ploti ile, huwaambia alichokiona. Fundi naye alikuwa amesema kwenye steji ya bodaboda, na steji ya bodaboda ndiyo redio ya kijiji.

Mama hakuwa na habari ya jambo hili hata kidogo. Hakukuwa na daftari, na mwangalizi hakumwambia. Basi hebu msomaji afanye hesabu nasi. Vyumba vinne kwa shilingi 3,000 ni 12,000 kwa mwezi. Kwa miezi mitano ni 60,000. Zimepotea kwa sababu ya shilingi 6,000 za watu wawili. Rangi ya shilingi 40,000 isingeyaondoa maneno ya yule mwalimu.

Hukumu ya fedha hizo haina utata. Dipoziti si kodi wala si zawadi kwa mwenye nyumba. Ni haki ya mpangaji iliyowekwa mkononi mwa mwenye nyumba mpaka siku ya kuhama, na mwenye nyumba akifa inakuwa deni katika mali aliyoiacha. Deni la maiti hulipwa kabla ya warithi kugawana hata senti moja. Ndipo tulipomwambia mama kwamba kabla ya kununua rangi, na kabla ya kuandika neno lolote la tangazo, awatumie watu wale wawili fedha zao, na awapigie yeye mwenyewe kuwaomba radhi kwa niaba ya marehemu. Alituma siku hiyo hiyo. Fundi alishukuru akanyamaza. Mwalimu hakurudi, kwa kuwa alikwishapata chumba kwingine, lakini kabla ya mwezi kwisha alimleta mwenzake aliyehamishiwa shule yao. Huyo ndiye mpangaji wa kwanza kuingia tangu miezi mitano, na hakuletwa na picha.

Hatusemi kwamba tangazo halina kazi. Lina kazi, ila kazi yake ni kuthibitisha lile ambalo watu wamelisikia. Zamani katika mitaa yetu ya Majengo na Mji wa Kale, bibi mwenye nyumba ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, hakuwa na haja ya kibao. Mtaa mzima ulimjua, na yeye alimjua mpangaji na shangazi yake. Anayepangisha Sugoi akiwa Kisauni hana mtaa huo. Hana budi aandike, na anachokiandika ndicho kitakachosimama mahali pake.

Tukakaa na mama kwa simu tukaandika tangazo upya. Twaliweka hapa lilivyo, kwani wako wasomaji walioomba mfano:

"Vyumba vya kupangisha, Sugoi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka barabara ya lami. Kodi ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Dipoziti ni ya mwezi mmoja. Hurudishwa ndani ya siku saba baada ya kuhama, na hupunguzwa kwa gharama ya kilichovunjwa tu, tena mbele ya mpangaji. Kila chumba kina mita yake ya stima. Maji ni ya kisima na tangi. Ya kunywa yachemshwe. Choo na bafu viko nje, kimoja kwa vyumba vinne. Njia ya kuingilia ina matope wakati wa mvua. Hapa hapatengenezwi wala hapauzwi pombe. Watoto wanakaribishwa. Kuja kuangalia ni bure, mchana, kuanzia saa tatu hadi saa kumi na moja."

Mwangalizi alipoisoma ile habari ya matope alituuliza kama tunataka kufukuza watu. Tukamwambia ndiyo, twataka kumfukuza yule atakayeyachukia matope kiasi cha kuhama, afukuzike kabla ya kuingia na si baada ya mwezi mmoja. Anayekuja baada ya kuyasoma hayo amekuja na viatu vya mvua. Na ile habari ya mita ya stima haikuwamo katika rasimu yake kabisa, ilhali ndiyo iliyowavuta watu wawili. Katika ploti nyingi wapangaji hutumia mita moja, na kila mwisho wa mwezi hugombana nani alipike kwa stima na nani awashe taa tu. Mtu aliyechoka na ugomvi huo atatembea mbali kuitafuta nyumba yenye mita yake.

Kuhusu pombe, hilo ni sharti la mama na ni haki yake. Sisi hatuna ruhusa ya kumpangisha mtu mahali tukijua atapageuza kilabu cha chang'aa au busaa. Lakini faida yake haiko upande wetu peke yake. Mwalimu wa kike anayeishi mwenyewe, muuguzi anayerudi kazini usiku, mama mwenye mabinti, hawa wakilisoma sharti hilo hupumua, wawe wa dini yoyote. Kuna wenye nyumba huliona sharti kama hili ni la kusemwa kwa siri baada ya mkataba, wakiogopa kupoteza watu. Lisemwe mwanzo, langoni, kwa herufi kubwa.

Tangazo hilo lilibandikwa wapi? Langoni kwanza, likiwa na namba mpya. Kisha dukani, kwenye zahanati, katika chumba cha walimu kwa hisani ya yule mwalimu, katika kundi la WhatsApp la Waislamu wa Eldoret, na kwenye ubao wa matangazo wa kanisa la jirani, kwa idhini ya wenyewe. Mama alishtuka kusikia hilo la kanisa. Lakini Sugoi Waislamu ni wachache, na siku ya Jumapili walimu na wauguzi wa kijiji wako huko. Picha zilipigwa pia, mbili tu, moja ya chumba na moja ya choo, kwani choo ndicho watu wanachotaka kukiona na ndicho ambacho wenye nyumba hawakipigi picha.

Hapa pana tahadhari kwa akina mama. Usiandike katika tangazo kwamba wewe ni mjane, wala kwamba uko mbali, wala usiweke picha yako. Namba ya simu iwe ya kazi hiyo tu. Mgeni anayekuja kuangalia chumba apokewe mchana na mwangalizi pamoja na mpangaji mmoja wa zamani, asiingizwe na mtu mmoja. Na usiruhusu mtu yeyote atoze ada ya kuonyesha nyumba kwa jina lako. Madalali wengi wa mijini wameifanya hiyo kuwa kazi: huonyesha picha za nyumba nzuri isiyo yao, hutoza ada ya kuangalia, kisha humpeleka mtu kwenye chumba kingine au huzima simu. Mpangaji aliyekwisha kuumwa huiogopa nyumba yoyote inayotoza ada hiyo, ndiyo maana neno "bure" limo katika tangazo letu.

Sasa swali lake la pili, la Waislamu peke yao.

Twalielewa linakotoka. Kila mtu hupenda jirani anayefanana naye, na huko Uasin Gishu hofu ina sababu kubwa zaidi ya mapenzi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Eldoret na viunga vyake vilipata msiba. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Nyumba zilichomwa kwa sababu ya kabila la mwenye nyumba, na nyingine kwa sababu ya kabila la mpangaji. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret ukawa kambi ya waliofukuzwa. Tangu hapo wako wenye nyumba wanaouliza jina la pili la mpangaji kabla ya kuuliza kazi yake, wakidhani ndiyo salama. Kwa maoni yetu hofu hiyo imezaa dawa mbaya. Ploti ya kabila moja ni rahisi kuitambua siku ya fitina, na watu wasiowahi kuchota maji kisima kimoja ndio wepesi wa kuamini lolote wanaloambiwa juu ya wenzao.

Tena sisi watu wa pwani twajua kukataliwa kuna ladha gani. Dada zetu waliokwenda kusoma katika miji ya bara wametueleza walivyopiga simu wakaambiwa chumba kipo, kisha wakafika na buibui zao wakaambiwa kimechukuliwa. Na huku kwetu nako, ni wangapi wameambiwa hatupangishi watu wa bara? Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, imemkataza mtu kumbagua mwenziwe kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito au hali yake ya ndoa. Na Mtume wetu (S.A.W.) alifariki dunia deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi wa Madina. Alimwamini mtu huyo na mali yake, na hakuwa wa dini yake.

Kwa hivyo jibu letu kwa mama ni hapana. Weka masharti juu ya mwenendo, usiweke juu ya jina. "Hapauzwi pombe" ni sharti la mwenendo, na mpangaji yeyote, Mkalenjin au Mluhya, Mkikuyu au Mswahili, aweza kulitimiza.

Basi mpangaji mwema atajulikanaje? Msomaji aikumbuke habari ya Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan. Binti aliyemshauri babake amwajiri alimsifu kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu, na wala hakubahatisha, kwani alikwisha kumwona kisimani akiwanyweshea mifugo yao bila ya kutaka ujira. Kwetu sisi nguvu ni uwezo wa kulipa, na uaminifu hutafutwa pale mtu alipoishi kabla. Maswali yanatosha machache. Wafanya kazi gani? Mtalala watu wangapi? Wahama wapi, na kwa nini? Naomba namba ya mwenye nyumba wako wa sasa. Jibu la swali hilo la mwisho lina thamani kuliko barua ya mwajiri. Mpangaji anayesema "nimegombana na mwenye nyumba kwa sababu hakunirudishia dipoziti" asikataliwe kwa hilo, wasomaji wameshaona kwamba huenda ndiye mkweli. Kama mwangalizi aweza kumtembelea anakoishi sasa na kuona anavyokiweka chumba chake, ni bora zaidi.

Juu ya kodi hatuna maneno mengi. Ploti za jirani zenye vyumba kama vile zilikuwa zikitoza 2,800. Mwangalizi aliona kushuka ni aibu. Kupunguza shilingi 200 ni hasara ya 2,400 kwa mwaka mzima, ilhali chumba kikikaa kitupu mwezi mmoja tu zimepotea 3,000. Mama alichagua kubaki kwenye 3,000 kwa sababu ya mita za stima, na kufikia sasa hajajuta, lakini tumemwambia kwamba chumba kikivuka siku arobaini bila ya mtu, ashuke. Ajue pia msimu wake. Walimu na wafanyakazi wapya hutafuta vyumba karibu na Januari, wakati shule zinapofunguliwa. Anayetengeneza nyumba Januari amechelewa. Novemba na Desemba, mvua zikiwa zimepungua, ndio wakati wa fundi.

Jambo moja twalisisitiza zaidi, kwani ndilo lililozaa matatizo yote. Mwangalizi yule alikuwa akilipwa shilingi 500 kwa kila mpangaji mpya anayeingia. Hatumshutumu kwa wizi, lakini tazama mpango wenyewe: kadiri watu wanavyohama ndivyo anavyopata, na anayekaa miaka mitatu hana faida kwake. Mama ameubadilisha. Sasa humlipa kila mwezi kwa hesabu ya vyumba vyenye watu, shilingi 150 kwa chumba. Vyumba vinane vikijaa ni 1,200, na mwangalizi mwenyewe ndiye aliyetupigia kusema kwamba mlango wa chumba cha pili unahitaji bawaba.

Kila mpangaji sasa ana karatasi yenye sahihi mbili na majina ya mashahidi wawili: kodi, tarehe, dipoziti, na hali ya chumba siku ya kuingia, mpaka kioo kilichopasuka. Dipoziti zimewekwa katika laini ya simu ya peke yake ambayo mama haigusi hata kwa ada ya shule. Akichelewa mtu kulipa, huulizwa kwanza kuna nini, na mwenye dhiki ya kweli hupewa muda. Kung'oa mlango au kuezua mabati ili mpangaji atoke, desturi tunayoiona mpaka leo, ni dhulma na ni kinyume cha sheria. Nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi zina baraza lake maalumu la kusikiliza kesi za kodi, na zilizozidi hapo zina mahakama. Hata vyombo vya mpangaji mwenye deni havishikwi na mwenye nyumba kwa mkono wake, hushikwa na dalali wa mahakama mwenye leseni.

Tunapoandika haya vyumba vitatu kati ya vinne vimepata watu: mwalimu, kijana wa bodaboda na mkewe, na mama mmoja muuza mboga mwenye watoto wawili. Cha pembeni tumemshauri mama asikitangaze mpaka bati libadilishwe. Fundi aliyepewa kazi hiyo ni yule yule aliyerudishiwa dipoziti yake; amesema ni kazi ya siku moja, mvua ikipisha.